Gitaa la Picasso na macho ya kinyago

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo niko New York, makumbusho ya MoMA, na nyuma yangu ni picha ya Picasso ya mwaka 1907, Les Demoiselles d'Avignon. Wanawake watano, na picha yenyewe ina kimo cha karibu mita mbili na nusu. Hebu mtazameni huyu aliyechuchumaa kulia. Katupa mgongo, sivyo? Sasa angalieni uso wake: unatutazama sisi. Mgongo na uso kwa pamoja!

Hapa ndipo Kubizimu, mtindo wa kuonyesha kitu kimoja kwa pande kadhaa kwa wakati mmoja, ilipoanza kupiga hodi. Kwa karne nyingi mchoraji wa Ulaya alichora kana kwamba kasimama mahali pamoja na hasogei. Picasso na mwenzake Georges Braque wakaikataa sheria hiyo. Glasi moja wakakuonyesha mdomo wake kwa juu na ubavu wake kwa pembeni, palepale. Mwaka 1908 mkosoaji Louis Vauxcelles akalalamika kwamba Braque anageuza kila kitu kuwa michemraba, kwa Kifaransa cubes, na jina la Kubizimu likatokea humo.

Walijifunza mengi kwa Cézanne, mchoraji Mfaransa aliyewatangulia, hilo husemwa kila mahali. Mimi nataka tukae kwenye jambo linalopitiwa harakaharaka: vinyago vya Afrika. Picasso aliviona kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka huohuo wa 1907, kisha akaanza kuvinunua.

Njooni nami huku. Hili ni gitaa alilolitengeneza 1914 kwa bati na waya. La kwanza, la 1912, lilikuwa la karatasi ngumu na nyuzi. Gitaa mnalolijua lina tundu katikati, limeingia ndani. La hili limetokeza nje kama kipande cha bomba. Kwa nini? Picasso alikuwa na kinyago cha Wagrebo wa Afrika Magharibi, na macho yake ni mirija miwili iliyochomoza. Jicho halisi halikai hivyo kabisa, lakini ukikitazama kinyago unajua hilo ni jicho. Muuza picha wake, Daniel-Henry Kahnweiler, alikuja kuueleza uhusiano huo kwa maandishi. Yaani fundi aliyekichonga kinyago kile alishajua kwamba alama inaweza kusimama badala ya kitu bila kufanana nacho, na jina lake hakuna aliyejali kuliandika. Linaniuma sana hilo. Kutokana na gitaa hili wachongaji wa Ulaya walianza kuunganisha vipande vya bati na mbao, badala ya kubaki na jiwe na gogo tu.

Mbegu ilisambaa kwa wachoraji wengine: Malevich huko Urusi, Mondrian wa Uholanzi na mistari yake iliyonyooka, na Picasso mwenyewe na picha yake Guernica ya 1937.

Ila kabla sijazima kamera, Wifredo Lam. Mcuba, baba Mchina, mama mwenye asili ya Afrika. Alikutana na Picasso Paris mwaka 1938, vita vikamrudisha Cuba, na huko akachora The Jungle, akaimaliza 1943. Miili mirefu yenye nyuso za vinyago imesongamana katikati ya miwa, huwezi kujua mguu unaishia wapi na muwa unaanzia wapi. MoMA waliinunua 1945, kisha kwa miaka mingi wakaitundika karibu na chumba cha kuachia makoti. Mimi ningeiweka ukuta mmoja na hii ya 1907, zinakaribiana hata ukubwa, maana Lam aliichukua mbinu iliyotoka kwa wachongaji wa Afrika akaitumia kuwasimulia wajukuu wa watumwa wa mashamba ya miwa.