Samaki mgeni na maji ya tangi lako

Nawasalimu nyote. Asanteni kwa kuvumilia joto hili. Wenzetu walionasa kwenye foleni ya Mwenge watatukuta njiani.

Nimeombwa nizungumzie kisa ambacho kila mfugaji wa samaki wa mapambo anakijua. Umenunua samaki mzima, anachezacheza kwenye mfuko. Kesho yake asubuhi unamkuta anaelea ubavu. Unarudi dukani na maneno makali, muuzaji naye anaapa kwamba samaki wake hawana shida. Mara nyingi wote wawili mnasema kweli. Kilichobadilika ni maji.

Hapa Dar mtu husema maji ni maji, bora yatoke. Sasa hebu tuyatazame. Ya bomba kwa sehemu kubwa ni maji ya Mto Ruvu, yamesafishwa na kutiwa klorini. Ukikaa upande wa pwani, kisima chako mara nyingi kina chumvichumvi. Mnawajua wale ambao sabuni haiwatolei povu. Na boza likija kukujazia simtanki, hujui limechota wapi. Kwa hiyo duka na nyumba yako vinaweza kuwa mtaa mmoja, lakini kwa samaki ni nchi mbili.

Samaki wa mito na maziwa damu yake ina chumvi kuliko maji anamoishi. Maji yanamwingia muda wote kupitia matamvua, figo zinayatoa kwa mkojo mwingi mwepesi, na matamvua yanafanya kazi ya kuvuta chumvi irudi mwilini. Kazi hiyo yote imepangwa kulingana na maji aliyoyazoea. Ukimbadilishia ghafla, mwili hauwezi kujipanga upya kwa nusu saa. Unahitaji siku kadhaa. Ndiyo maana hafi hapo hapo. Anakufa kesho, au keshokutwa, na wewe unatafuta ugonjwa.

Joto ni habari nyepesi. Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20, joto litalingana. Tatizo ni kwamba wengi wakishamaliza hapo wanaamini wamemzoesha samaki. Wamelinganisha joto tu. Chumvi, ugumu wa maji na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (ikishuka, asidi imezidi), viko vile vile.

Kisha kuna njia ya matone. Unachukua kampira ka pampu ya hewa, unakapiga fundo, maji ya tangi yanadondoka taratibu kwenye ndoo yenye samaki kwa muda wa saa moja hivi, mpaka yaongezeke mara mbili au tatu. Kwa samaki uliyemnunua leo Kariakoo ukafika naye nyumbani leo, njia hii inafaa, mradi maji hayo hayana klorini.

Kwa samaki aliyesafiri mbali, mimi siipendi, na nitawaambia kwa nini. Chukueni sikilidi wa Ziwa Tanganyika anayetoka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000. Ndani ya mfuko uliofungwa anapumua na kutoa hewa ya ukaa, na matamvua yake yanatoa amonia, yaani taka ya mwili yenye sumu. Hewa ya ukaa inashusha pH ya maji ya mfuko, na pH ikishuka sehemu kubwa ya amonia inakaa katika hali isiyo na sumu kali. Ukifungua mfuko, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda. Kwenye pH 7, amonia yenye sumu kali ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9, zaidi ya theluthi! Na maji ya Tanganyika yenyewe ni pH 8.6 hadi 9 na kitu. Wewe umekaa pale unadondosha matone kwa upole, kumbe kila tone linamkaanga matamvua.

Dawa yake ni kuandaa maji kabla samaki hajafika. Mpigie muuzaji simu: pH yake ngapi, TDS ngapi, yaani chumvi na madini yaliyoyeyuka. Asiyeweza kujibu, mwombe akujazie chupa ya maji yake ukapime mwenyewe. Tengeneza tangi dogo la kupokelea lenye maji yanayokaribiana na hayo. Mgeni akifika, linganisha joto, fungua, mtoe kwa wavu, mtie. Maji ya mfuko mwaga nje. Usiwashe taa, usimlishe siku hiyo. Halafu kila siku badilisha sehemu ndogo, moja ya kumi hivi, kwa maji ya tangi lako kubwa. Akae humo wiki mbili hadi nne, na kama ana madoa meupe utayaona kabla hajawaambukiza wenzake.

Naam, mama pale nyuma anauliza: mbona samaki wake wadogo wa zamani, wale gapi, wanaishi vizuri kwenye maji hayo hayo yanayoua wageni? Swali zuri sana. Tangi lisilobadilishwa maji, naitreti, yaani mabaki ya uchafu wa samaki, inapanda na pH inashuka kidogo kidogo, miezi na miezi. Wenyeji wameshuka nayo. Mgeni anatumbukizwa mwisho wa ngazi kwa mara moja. Kwa hiyo, mama, anza kwa kubadilisha maji ya wenyeji, kidogo kidogo vilevile, ndipo ununue wengine.

Sasa sogeeni mezani. Ndoo hii ni ya bomba, hii ya kisima cha jirani, na ile ya boza la jana. Kabla sijachovya kipimo, nani anakisia ipi ina TDS kubwa?