Mgongo wa Karatasi: Kujenga Mabehewa na Stesheni kwa Manila

Haya tuanze, manake ukumbi tumepewa saa moja tu. Reli yenyewe siwaelezi, hapa Mombasa nani hajui stesheni ya zamani pale mjini na ile ya SGR, reli mpya, kule Miritini. Nataka tuongee karatasi, hii tunayojengea mabehewa na stesheni ndogo za mezani. Na walonisikia kabla wanajua nitasema nini: mgongo jamani, mgongo wa karatasi!

Stesheni yangu ya kwanza niliprinti picha saiba, nikaibandika kwa katoni ya viatu, nikakata madirisha moja moja kwa wembe, siku tatu nzima, mpaka kivuli cha baraza kilitoka. Nikaiweka juu ya kabati. Masika ikaingia, mwezi wa tano, na mnaujua unyevu wa hapa, shuka lenyewe halikauki kambani. Wiki mbili tu ukuta wa mbele umefura kama tanga lilokamata upepo, kona ya paa imeachia, mlango haugusi sakafu. Nikasema ni gundi. Nikanunua gundi nyengine ya bei, nikajenga upya, ikapinda vilevile! Mwaka mzima naisingizia gundi.

Kumbe karatasi ikinyonya maji ya gundi inatanuka, ikikauka inarudi, na ikirudi inaivuta katoni upande wake. Mbele kuna kinachovuta, nyuma hakuna cha kuzuia, sasa itaacha kupinda vipi? Dawa ni karatasi nyengine nyeupe mgongoni, gundi ileile, siku ileile, halafu laza chini ya vitabu vizito mpaka asubuhi. Ukuta wa hivyo ninao hapa, ushikeni, mpitishiane. Umekula mvua za miaka minne na bado uko sawa kama rula.

Na karatasi ina nyuzi kama mbao. Nyuzi zikipata unyevu zinanenepa zaidi kuliko zinavyorefuka. Ipinde A4 taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, pale inapokubali bila ubishi ndo inafuata nyuzi. Paa la behewa, lile la mviringo, nyuzi ziende na urefu wa behewa, la sivyo litavunjika mistari mistari. Na ya mgongoni nyuzi zake zielekee zinakoelekea za mbele, ukizikatanisha umefanya kazi bure.

Sasa kuna mtu ataniambia, mzee si ununue za plastiki. Zipi? Zinazouzwa sana ni za kipimo cha 1:87, yaani zimepunguzwa mara 87, na upana wa reli yake ni milimita 16.5, zidisha mara 87, unapata 1,435, hiyo ni SGR! Reli yetu ya zamani, hii iloanza kujengwa hapa 1896 ikafika Kisumu 1901, upana wake ni mita moja. Ukiweka behewa lake juu ya reli ile ya duka umeshadanganya. Ndo maana mimi natumia 1:100, mita moja ya kweli ni sentimita moja mezani, hata mtoto hahitaji kikokotoo, na behewa la mita 18 linaingia kwa A4 na nafasi inabaki. Ile Garratt, injini ya mvuke ya klasi ya 59, zilijengwa 34 na Beyer Peacock kule Manchester, ni zaidi ya mita 31, haiingii, lakini yenyewe imeungwa sehemu tatu, basi na wewe printi sehemu tatu uziunge zizunguke kwenye kona.

Naona nshaonyeshwa saa. Mbio mbio basi: printi asilimia 100, kijana wa saiba mkataze kupunguza picha ili ienee ukurasa, wino wa printa ya injeti upulizie vanishi kabla hujakata, mkunjo pitisha mgongo wa kisu kwanza, kingo nyeupe zipake rangi kabla ya gundi sio baada. Magurudumu siku nyengine, yale yana habari ndefu.

Kwenye meza ya dirishani kuna karatasi mbili mbili kwa kila mtu, moja ina behewa, moja haina kitu. Hiyo tupu msiniachie hapa.