Ufa wa Milimita 2.2

Ndugu wanafunzi, kila nikizungumzia myeyungano wa viini vya atomi, yaani kuunganisha viini vyepesi ili kupata nishati, naambiwa kwamba mtambo wake hauna hatari, kwani moto wake hujizima wenyewe. Ni kweli hujizima. Katika mtambo wa ITER, unaojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, plazma, yaani gesi ya moto mkali ambamo viini huungana, inakusudiwa kufikia nyuzi milioni 150, lakini ikivurugika kidogo tu inapoa. Tritiamu, sehemu ya mafuta yake, ndiyo isiyozimika. Ni haidrojeni yenye mionzi, hupungua kwa nusu kila miaka 12.3, hupenya hata chuma chenye joto, na ikishakuwa maji, mwili huyapokea kama maji mengine yoyote.

Ukuta wa kwanza wa kuizuia tritiamu ni chombo cha ombwe chenyewe, yaani chombo kilichoondolewa hewa ambamo plazma hukaa. Kina vipande tisa vya chuma kisichoshika kutu, kila kimoja tani 440 hivi, vinavyochomelewa pamoja. Kingo za vipande vya mwanzo hazikulingana na michoro, na mwaka 2022 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Ufaransa ikasimamisha hatua ya kuviunganisha. Walifanya vyema kabisa. Kiungo kile ndicho kizuizi chenyewe.

Sasa tazameni jambo dogo zaidi. Kati ya chombo na sumaku zake kuna ngao ya joto, mabamba yaliyopakwa madini ya fedha na kuchomelewa mabomba ya kupitisha heliamu baridi. Kandokando ya michomeleo palibaki vijishimo, na humo yakajificha mabaki ya kloridi, aina ya chumvi, ambayo maji ya kuoshea hayakuyatoa. Chuma kilichochomelewa hubaki kimejikaza. Kikikutana na kloridi hupasuka polepole, ijapokuwa jina lake ni kisichoshika kutu. Nyufa za mabomba zilifika kina cha milimita 2.2. Ikaamuliwa kubadili mabomba yote, kama kilomita 23.

Kipande cha kwanza cha chombo kilikuwa kimeshushwa shimoni Mei 2022, na ngao yake ikiwa imekizunguka. Julai 2023 kikatolewa. Kiliweza kutolewa kwa sababu kilikuwa bado hakijachomelewa na wenzake. Kingekuwa kimeungwa, na plazma ya tritiamu imeshawashwa, nyutroni, chembe zinazorushwa na myeyungano, zingekuwa zimekitia chuma hicho mionzi, na hakuna fundi ambaye angeruhusiwa kukisogelea. Kwa hiyo kila mchoro mtakaoniletea muhula huu nitauuliza kwanza: maji ya kuoshea yanatoka nje kupitia wapi, na mkaguzi anapitisha wapi mkono wake?