Herufi Zile Zile, Bwate Tofauti: Kuendesha Otomatiki kwenye Milima ya Bukavu

Jambo sana wazee, mama zetu, na ninyi vijana wa garaji mliojificha kule nyuma.

Magari mengi ya otomatiki yanayopanda na kushuka mjini hapa yametoka Japani, usukani kuume, na karibu na mkono wa dereva kuna fimbo ya bwate (giaboksi) yenye herufi P (kuegesha), R (kurudi nyuma), N (huru) na D (kwenda mbele). Herufi hizo ziko kwenye Prado ya mwaka 1998, ziko kwenye Vitz, ziko kwenye Fit ya mseto (esanse, yaani petroli, pamoja na umeme), ziko hata kwenye Prius. Hapo ndipo watu wanapokosea na kusema otomatiki ni otomatiki. Chini ya fimbo hiyo kuna mashine za aina nne, na barabarani ya tambarare unaweza kuziendesha zote kwa mguu mmoja bila kugundua kitu. Bukavu haina tambarare ya kukuficha.

Fanyeni jaribio dogo. Simamisha gari kwenye kipando, weka D, halafu ondoa mguu kwenye freni bila kukanyaga esanse. Mengi utayajua katika sekunde ile moja.

Gari likishikilia, au likajongea mbele polepole, yaelekea una bwate ya mafuta, ile ya zamani, ingawa baadhi ya zile nyingine nazo hufanya hivyo. Kati ya mota na bwate hakuna ambreyaje (klachi). Kuna kama feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta: moja inazungushwa na mota, inasukuma mafuta, na mafuta yanazungusha ya pili. Katikati yake kuna kipande kinachorudisha mafuta kwa nguvu, na gari linapoanza kuondoka kifaa hicho kinazidisha nguvu ya mota karibu mara mbili. Kwa hiyo ukiniuliza ni bwate gani ya kupandia Kadutu na watu saba ndani, sisiti: ni hii. General Motors waliitoa bwate ya kwanza ya otomatiki kamili iliyouzwa kwa wingi mwaka 1939, na kwa miaka mingi iliyofuata ukoo huu wa bwate za mafuta ndio uliotawala.

Ukiwa kwenye usukani unaitambua kwa sikio. Mshale wa mizunguko unapanda, unaanguka kidogo, unapanda tena: kila mwanguko ni vitesi (gia) mpya. Kwenye RAV4 za miaka ya 1990 na X-Trail ya kwanza utahesabu vitesi nne. Na ukitembea mwendo wa barabara kuu unaweza kuhisi mwanguko mwingine mdogo baada ya ile ya nne. Hiyo siyo vitesi ya tano. Ni zile feni mbili zimefungwa pamoja ili zisipoteze nguvu.

Ugonjwa wake hapa kwetu ni kuhangaika. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mota isiyo na turbo hupoteza huku kama sehemu moja ya saba ya nguvu yake. Basi kwenye kipando kirefu bwate inaweka ya nne, mota inashindwa, inarudi ya tatu, inapata nafuu, inaweka ya nne tena. Kila badiliko linapasha mafuta moto. Dawa iko kwenye fimbo yenyewe: kitufe cha O/D (overdrive, yaani ile vitesi ya juu kabisa). Kibonyeze, taa ya O/D OFF iwake, na bwate itabaki kwenye ya tatu. Taa hiyo ikiwaka bila kutetemeka, ni wewe uliyeiwasha; wasikuuzie kompyuta ya gari kwa ajili yake. Kwenye Toyota, ikipepesa ndipo bwate inalalamika.

Sasa tuje kwenye CVT, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Haina vitesi kabisa. Ina puli mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda wa chuma katikati. Waholanzi wa DAF walionyesha gari la namna hii mwaka 1958, kwa mikanda ya mpira. Leo mkanda ni wa vipande vidogo vya chuma. Unapokanyaga, mizunguko inapanda hadi, tuseme, 3,500 na kukaa pale pale kama mashine ya kusaga muhogo, huku mwendo ukiifuata taratibu. Dereva aliyezoea bwate ya mafuta anasema inateleza. Haitelezi, mradi mwendo unaongezeka. Mizunguko ikipanda na mwendo ukabaki, au gari likitetemeka, hapo una haki ya kuogopa.

Mkanda ule unashika puli chuma kwa chuma, na kinachowezesha mshiko ni mafuta maalumu. Ukitia mafuta mekundu ya kawaida, Dexron, mkanda unateleza, puli zinachubuka, na puli iliyochubuka hairudi. Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana TC na FE, na Fit ya kwanza inataka HMMF ya Honda. Muuzaji akikwambia yote ni sawa, nenda duka la pili. Kwa vumbi na milima yetu mimi ningebadili kila kilomita 40,000, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi.

CVT pia haipendi matope. Magurudumu yakizunguka bure kisha yakashika jiwe ghafla, pigo lote linaishia kwenye mkanda. Weka mawe au matawi kwanza, ondoka taratibu. Na kwenye kipando kirefu, gari likianza kukataa kuongeza mwendo, mara nyingi linajilinda na joto. Simama mahali salama, weka P, acha mota inguruma dakika kadhaa. Usiizime, kwa sababu pampu ya bwate inazungushwa na mota. Ukizima, mafuta hayazunguki na joto linabaki ndani.

Ya tatu ni bwate ya ambreyaje mbili, kama DSG ya Volkswagen au ile ya vitesi saba kwenye Fit ya mseto ya mwaka 2013, ambayo Honda waliiita irudi kurekebishwa zaidi ya mara moja. Ambreyaje moja inashika vitesi witiri, nyingine shufwa, na ya mbele iko tayari kabla hujaihitaji. Barabara ikiwa wazi ni tamu kuliko zote. Katika ambuteyaje (msongamano) ya Nyawera ni mwanafunzi wa udereva: inasitasita, inashika kwa kishindo. Kosa kubwa ni kulishikilia gari kwenye kipando kwa esanse kidogo. Ambreyaje inasuguana muda wote, na ikiwa ni ya aina kavu itanuka upesi. Shikilia kwa freni. Acha gari la mbele litangulie mita tano au sita, kisha songa mara moja, badala ya kunyatia nusu mita nusu mita.

Prius ni kitu kingine kabisa: hakuna mkanda wala feni za mafuta, kuna meno ya sayari (meno madogo yanayolizunguka la katikati) na mota mbili za umeme. Haina meno ya kurudi nyuma; mota ya umeme inageuka tu. Kwa hiyo kupanda kinyumenyume ni udhaifu wake, hasa betri ikiwa chini. Kama parseli (kiwanja) yako iko bondeni, ingia kinyumenyume na utoke kwa mbele. Na herufi B pale haimaanishi betri. Ni ya kushukia.

Kushuka, basi. Ukitoka Nyangezi na kuteremka Ngomo kuelekea Kamanyola kwa D peke yake, freni zinafanya kazi yote, na harufu itakufikia kabla ya bonde. Chagua kabla ya mteremko kuanza: 2 kwenye bwate ya mafuta, au L pakiwa pakali, S, L au B kwenye CVT kadiri ilivyoandikwa, B kwenye Prius. N kamwe, hata kama jirani yako anasema inaokoa esanse.

Kuegesha kwenye mlima kuna utaratibu wake: freni ya mguu, weka N, vuta freni ya mkono, legeza mguu gari likae juu ya freni hiyo, kanyaga tena, ndipo P. Ukianza na P, uzito wote unalala kwenye jino dogo moja ndani ya bwate. Ule mlio wa "tak!" asubuhi ni jino hilo.

Likiharibika, kulisukuma ili liwake ni kujichosha. Kulivuta magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini ni kuikausha bwate. Yainue, na la magurudumu manne lipandishe lote.

Anayekwenda kununua aombe mota iwe baridi. Weka D ukikanyaga freni, hesabu: moja, mbili. Ikipita hapo bila kushika, anza kupunguza bei. Fanya hivyo kwa R. Kwa Toyota yenye kijiti cha kupimia, pasha gari moto, pitisha fimbo kwenye kila herufi, rudi P, na upime mota ikiwa inanguruma. Kwa Honda uzime kwanza. Dondoshea mafuta kwenye kitambaa cheupe. Yaliyo safi yanaonekana mekundu ya kupenya mwanga, ingawa ya CVT yana rangi kadiri ya chapa. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni ambreyaje za ndani. Ukiona vumbi linalometameta, mrudishie mwenyewe ufunguo wake.