Chora mwenyewe njia ya kimbunga cha Atlantiki

Habari zenu, karibuni. Ramani iko mezani, kalamu nyekundu na ya buluu zipo. Weka nukta nyekundu pale kimbunga kilipo. Umeweka? Twende.

Hapa sasa naomba utulivu. Ramani yako iwe ya hektopaskali 500 (hicho ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), yaani upepo wa kilomita tano na nusu hivi juu angani. Siyo ya usawa wa bahari! Mimi nilishawahi kuchora mishale yote ya upepo kwenye ramani ya usawa wa bahari, nikawaambia watu kimbunga kinakwenda magharibi. Kesho yake kikakata kona, kikaenda kaskazini. Kimbunga chenye nguvu ni mnara mrefu, kinasukumwa na upepo wa kimo chake chote, siyo wa miguuni tu. Angalia tena pembeni ya karatasi: 500.

Tafuta mgandamizo mkubwa wa hewa, mara nyingi uko kati ya visiwa vya Bermuda na Azores. Uzungushie buluu. Kaskazini mwa ikweta upepo huuzunguka kwa kufuata mishale ya saa, kwa hiyo ukingo wake wa kusini... subirini, taa inamulika karatasi, hamwoni kitu. Nasogeza. Haya, fuateni kidole: kusini upepo unaelekea magharibi, ukifika ukingo wa magharibi unapinda kaskazini. Kimbunga kinabebwa humohumo kama gogo mtoni.

Basi kazi yote ni kujua ukingo huo wa magharibi unaishia wapi. Ukiishia katikati ya bahari, kimbunga kinapinda mapema na pwani inapona. Ukitanuka hadi nchi kavu, hakina pa kupindia, kinakwenda moja kwa moja pwani ya Marekani.

Angalia pia mistari ya ramani inayobonyea kusini ikitokea magharibi. Huo ni mkanda wa mgandamizo mdogo; mbele yake upepo huelekea kaskazini mashariki na mara nyingi hukisukuma kimbunga baharini. Lakini mwaka 2012, dhoruba ya Sandy ilikuta mgandamizo mkubwa umeziba njia upande wa Greenland, na mkanda kutoka magharibi ukaivuta. Ikageuka kushoto, ikaingia New Jersey usiku wa 29 Oktoba. Kila nikiichora kona ile nywele zinanisimama.

Mishale yako ikiwa mifupi na inapingana, usikate tamaa, hilo nalo ni jibu: kimbunga kitaganda. Harvey, 2017, iliganda Texas siku kadhaa, na mahali pengine mvua ikapita milimita 1,500.

Maputo ya kupima anga hurushwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo chora upya asubuhi na jioni. Na kabla ya mshale wa kwanza, soma pembeni: 500.