Ahadi ni Deni, Hata Brussels

Ndugu zangu, mkisikia Umoja wa Ulaya, wenye makao yake Brussels, unagombania bajeti, msiishie kwenye ile tarakimu kubwa ya magazetini. Ulizeni: hizo ni fedha za ahadi, yaani kiasi ambacho Umoja unaruhusiwa kuahidi kwa miradi, au fedha za malipo, yaani zile zitakazotoka mfukoni kweli mwaka huo? Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana ugomvi umelala hapo.

Chukueni Februari 2013. Wakuu wa nchi walikesha Brussels wakapatana mpango wa bajeti wa miaka ya 2014 hadi 2020: ahadi euro bilioni 960, malipo yasizidi bilioni 908. David Cameron, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akarudi kwao kutangaza kwamba matumizi yamebanwa. Wanaotegemea ruzuku wakaambiwa miradi ipo. Pengo kidogo ni la kawaida, barabara hailipwi siku mkataba unapotiwa saini. Lakini hili lilikuja juu ya viporo, ankara za nyuma ambazo hazijalipwa! Mwaka 2012 fedha za malipo ziliisha kabla ya Desemba, hata Erasmus, mpango wa kuwapeleka wanafunzi nchi za jirani, ukapungukiwa. Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, iliomba nyongeza ya euro bilioni 9, ikapewa 6.

Atainuka mtu aseme: serikali zinafunga mkanda nyumbani, kwa nini Brussels iongezewe? Kwa matumizi mapya, swali ni halali. Mimi nazungumzia ankara. Mji fulani wa Poland umeshajenga barabara, mkandarasi ameshakabidhi kazi, na waliopitisha ahadi ile ni serikali hizo hizo. Kumzungusha mtu anayekudai malipo ya kazi iliyokwisha si kubana matumizi.

Ndiyo maana naliheshimu Bunge la Ulaya. Machi 2013, kwa kura 506 dhidi ya 161, lilikataa kuupokea mpango ule kama ulivyo. Msiseme zilikuwa kelele. Kwa mpango huu wa miaka mingi, Mkataba wa Lisbon, unaoweka kanuni za Umoja, unawapa wabunge ndiyo au hapana tu, hawana ruhusa ya kurekebisha hata nukta. Basi hapana yao wakaifanyia kazi: zile bilioni 960 wakaziacha, wakadai madeni ya 2013 yalipwe, na fedha za malipo zikibaki zivuke mwaka. Juni wakapatana na serikali.

Bajeti ya kila mwaka nitaipitia haraka: kamati ya usuluhishi kati ya Bunge na serikali ina siku 21, ikishindwa na mwaka ukaanza bila bajeti, Umoja unaishi kwa sehemu moja ya kumi na mbili ya bajeti ya mwaka uliopita kila mwezi. Novemba 2010 mazungumzo ya bajeti ya 2011 yalivunjika, yakaokolewa Desemba. Ya Hungaria na Poland kuuzuia mpango wa bajeti mwaka 2020 yana hadithi ndefu, muda umetutupa mkono. Anayetaka kuanzia hapo, kipaza sauti kiko mbele.