Jinsi ya kupima mpindo wa uti wa mgongo kwa mtu mzima aliyeinama shingo

Karibuni wenzangu, hasa nyinyi wa fiziotherapia na kliniki za mifupa. Leo tuna mzee wetu, fundi cherehani, ambaye kidevu kinakaribia kugusa kifua. Amekubali tumrekodi. Shikamoo mzee. Ameitikia marahaba, lakini tazameni macho yake: yameishia kwenye viatu vyangu. Ukitaka akuone usoni, kaa kwenye kiti kifupi. Ndivyo nitakavyofanya.

Andaa timazi, hii hii ya fundi mwashi, rula ndefu, kipima pembe, penseli, simu yenye kamera na picha ya eksirei ya mgongo mzima.

Usianze kushika shingo, anza na maswali. Asubuhi yukoje, jioni yukoje? Ambaye misuli ya nyuma ya shingo imedhoofika huamka na kichwa kiko juu, kikawa kinashuka kadiri siku inavyosonga. Ambaye pingili zimegandana yuko vilevile kutwa nzima. Je, aliwahi kupasuliwa shingo kwa nyuma? Operesheni ya kuondoa mifupa ya nyuma ili kulegeza uti wa fahamu, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya mgongo, inaweza kuiacha shingo ikainama baadaye. Uliza kifua kikuu cha mifupa. Uliza kama tangu ujana mgongo hukakamaa asubuhi na kulainika akitembea, maana hapo unafikiria ankilosi spondilaitisi, ugonjwa wa uvimbe unaogandisha pingili. Uliza pia anamezaje chakula na anavukaje barabara.

Na hapa nawasihi. Mtu mwenye mgongo ulioganda akianguka, hata kuteleza tu bafuni, halafu shingo ikaanza kuuma upya, usimpime lolote kati ya haya. Mchukulie kama amevunjika. Itulize shingo katika mkao ule ule aliokuja nao, usijaribu kuinyoosha, umpeleke kwenye kipimo cha CT.

Mzee wetu hajaanguka, tuendelee. Vua shati na viatu, asimame kama anavyosimama dukani kwake. Wengi wetu tunasema "mzee, simama wima," naye kwa heshima anajikaza, tunapima mtu mwingine kabisa. Mwache. Sasa kamera ishuke kwenye magoti. Mnaona yamekunjika kidogo? Panda kwenye nyonga: amezungusha kiuno nyuma, na kiwiliwili nacho kimeegemea nyuma. Mwili mzima unafanya kazi ili macho yapate kupanda. Mzee wangu, nyoosha magoti taratibu, nimekushika. Tazameni kidevu kilivyoshuka! Shingo ni ile ile, ila sasa imekosa wa kuisaidia. Ndiyo maana ukipiga eksirei ya shingo peke yake unakosa nusu ya habari.

Akiwa hivyo, magoti na nyonga vimenyooka, mpige picha kwa upande. Simu iwe usawa wa uso wake, na timazi ining'inie pembeni yake ndani ya picha, ili uwe na mstari wima usio na ubishi. Chora mstari kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni, pima pembe yake na uzi wa timazi. Kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 1 na 10. Ikizidi 25, mtu haoni mbele yake vya kutosha, na hilo ni tatizo kubwa.

Kisha visigino na mgongo ukutani, pima kutoka kisogo hadi ukutani. Kwa mwenye shingo yenye afya kisogo hugusa ukuta, yaani sifuri. Andika sentimita ulizopata.

Sasa alale chali. Hapa usiwe na haraka. Mzee amehitaji mashuka matatu yaliyokunjwa chini ya kichwa. Nimeondoa moja, tumesubiri dakika kadhaa tukizungumza habari za wajukuu, kichwa kimeshuka chenyewe. La pili limekataa, kwa hiyo nalirudisha. Usikandamize paji la uso hata kidogo. Kichwa kikifika kitandani, shingo bado inalegea. Kikibaki hewani, imeganda. Wa kwetu yuko katikati, na eksirei za kuinama na kuinuka zitatuonyesha ni pingili zipi bado zinacheza.

Twende kwenye picha ya mgongo mzima. Ilipigwa amesimama, magoti yamenyooka, vidole vimegusa mitulinga. Chora mstari chini ya pingili ya pili ya shingo, mwingine chini ya pingili ya saba, kisha pembe baina yao. Njia hii ina jina la John Cobb, daktari wa mifupa wa Marekani aliyeieleza mwaka 1948 kwa ajili ya migongo iliyopinda upande. Andika kwa maneno kama shingo imepinda kwenda mbele kama kawaida au imetengeneza kibiongo. Alama ya kutoa peke yake inapotosha, kwa kuwa kila mtu ana desturi yake.

Shusha mstari wima kutoka katikati ya pingili ya pili, upime umbali hadi kona ya juu ya nyuma ya pingili ya saba. Milimita 40 kwenda juu si salama, zaidi ya 80 ni mbaya sana. Picha ya filamu uliyoipiga kwa simu haifai kwa milimita kama haina kipimo cha ukubwa ndani yake.

Mwisho, mteremko wa pingili ya kwanza ya kifua: pembe kati ya sehemu yake ya juu na mstari mlalo. Katika pembe hiyo, toa ule mpindo wa shingo wa kwenda mbele uliokwisha kuupima. Mteremko nyuzi 30 na mpindo nyuzi 20, unabaki na 10, ni vizuri, kwani ni chini ya 15. Lakini kama shingo ina kibiongo cha nyuzi 10, unajumlisha: 40. Kuanzia 20 kwenda juu ni hali nzito. Mabega yakiificha pingili hiyo, tumia ya saba.

Kabla hajaondoka, afunge na kufungua ngumi kwa sekunde 10. Tunategemea mara 20 au zaidi. Mzee amefanya 13. Atembee kisigino kwa kidole: ameyumba. Sasa anavaa shati, kamera ikae kwenye vidole. Fundi aliyeshona vifungo miaka yote anakitafuta kitundu, anakikosa, anakikosa tena. Uti wa fahamu unabanwa. MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha uti huo, isisubiri, na barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji naiandika leo hii.